Namba moja mgawaji, mfungaji, mdunguaji au mkabaji: yupi anaifaa timu yako ya kikapu?

Kila msimu mpya swali hili huwarudia makocha wa timu za shule, vyuo na mitaa: mpira nimpe nani? Kuna kijana anayeiona pasi kabla mwenzake hajafika pa kuipokelea. Kuna mwingine anayewapita wawili na kumalizia akiwa hewani. Wa tatu hakosi mtupo akiachwa peke yake. Wa nne hafungi sana, lakini yeyote anayekabwa naye huishiwa hamu ya kucheza kabla ya robo ya pili kwisha. Wote hao wanaweza kucheza namba moja, yaani pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuanzisha shambulizi. Nafasi ni moja na mechi ni dakika 40.

Timu nyingi hulijibu swali hili kwa njia mbili za haraka, na zote mbili zinaumiza. Ya kwanza ni kumpa mpira mchezaji mfupi kuliko wote, kwa sababu ya kimo chake tu. Ya pili ni kumpa nyota wa timu, kwa hoja kwamba aliye bora lazima mpira uwe mkononi mwake muda wote. Mimi naamini namba moja huchaguliwa mwisho. Unawatazama kwanza wenzake wanne, unajua wamepungukiwa nini, ndipo unamtafuta wa kuziba pengo hilo. Mchezaji yuleyule anaweza kuwa mkombozi wa timu moja na mzigo kwa timu ya jirani, bila ubora wake kubadilika hata kidogo.

## Vigezo vya kutazama kabla ya majina

Pointi zinatoka wapi? Chukua karatasi, andika majina ya wale wanne wengine, na mbele ya kila jina eleza anavyofunga: anamalizia chini ya kikapu, anatupa kutoka kona, anakata kuingia ndani, au anajitafutia mwenyewe kwa kudunda. Ukiwa na wawili wanaojitafutia, mahitaji yako ni tofauti kabisa na ya kocha ambaye wachezaji wake wote wanasubiri kupelekewa. Mrefu ndiye anayesahaulika zaidi hapa. Hata senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, wa kimo cha Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, hawezi kukusaidia kufunga kama hakuna wa kumfikishia mpira mahali pazuri kwa wakati.

Mpira unavuka vipi katikati? Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, timu ina sekunde 8 kuutoa mpira kwenye nusu yake. Wapinzani wakianza kupresi, yaani kuwabana kiwanja kizima, sekunde hizo ni chache mno. Kwenye mashindano ya shule, kama UMISSETA, naona mechi nyingi zinaamuliwa hapa kuliko kwenye mitupo ya mbali. Timu inapoteza mpira mara tatu mfululizo, wapinzani wanapata leyapu tatu, na kocha anaomba taimu-auti akiwa ameshaachwa pointi sita.

Akishaachia mpira anakuwa nani? Kigezo hiki makocha wengi hukiruka. Namba moja akitoa pasi na kusimama pembeni, je, anayemkaba atabaki naye, au atamwacha aende kumsaidia mwenzake kumbana senta wako? Asiyeogopwa akiwa hana mpira anaifanya timu yako ishambulie kwa watu wanne.

Anamkaba nani? Namba moja wa wapinzani ndiye anayeshika mpira zaidi. Kama wako hamwezi, mwingine kati ya wanne lazima amchukue, na lazima ujue ni nani.

Ligi yako ikoje? Saa ya sekunde 24, inayoilazimisha timu kutupa kabla muda huo haujaisha, ipo? Bila saa hiyo timu inaweza kushika mpira muda mrefu ikisubiri nafasi safi, na mwenye utulivu anakuwa na thamani zaidi. Kiwanja ni cha ndani au cha nje? Viwanja vyetu vingi ni vya saruji chini ya jua, na ukanda wa pwani upepo wa alasiri huusogeza mpira unaotupwa kutoka mbali. Na mazoezi ni mara ngapi kwa wiki? Kuna aina ya namba moja inayohitaji miezi ya kuzoeana na wenzake, na kuna inayofanya kazi tangu siku ya kwanza.

## Mgawaji

Anachokupa. Huyu huwafanya wengine waonekane wazuri kuliko walivyo. Phoenix Suns walimaliza msimu wa 2003–04 wakiwa wameshinda mechi 29 tu. Mwaka uliofuata wakamchukua Steve Nash, mzaliwa wa Johannesburg aliyekulia Kanada, na wakashinda mechi 62. Sehemu kubwa ya wafungaji ilikuwa ileile: Amar'e Stoudemire, Shawn Marion, Joe Johnson. Kilichobadilika ni kwamba mpira sasa uliwafikia wakiwa mbioni, wakati wanaowakaba hawajajipanga. Nash akachaguliwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2005, na tena 2006.

Kabla yake alikuwepo John Stockton wa Utah Jazz. Kwa misimu 19 alitoa asisti (pasi zinazozaa kikapu moja kwa moja) 15,806, rekodi ambayo bado imesimama. Mbinu yao kuu ilijulikana na kila mtu ukumbini: Karl Malone anasimama kuziba njia ya anayemkaba Stockton, kisha anageuka na kukimbilia kikapuni. Kujulikana hakukusaidia kuizuia, kwa sababu Stockton alisubiri hadi yule mlinzi wa pili achague, na akichagua tu, pasi ilikwenda kwa aliyeachwa.

Anachokudai. Wafungaji. Pasi nzuri kwa mtu anayekosa leyapu inabaki pasi tu, haiandikwi popote. Anadai pia muda, maana mgawaji anapaswa kujua kwamba huyu anapenda mpira kifuani na yule anautaka juu, kwamba huyu akikimbia kona anasimama na yule anaendelea hadi chini ya kikapu. Timu inayokutana mara moja kwa wiki itaona pasi nyingi zikimpiga mtu mgongoni. Na wewe kocha lazima umvumilie anapojaribu pasi ngumu, kwa sababu ukimfokea kwa kila inayopotea ataanza kutoa zile za pembeni zisizo na faida.

Kuna hatari nyingine. Mgawaji asiyetaka kabisa kufunga huzoeleka. Kufikia mechi ya tatu wapinzani wanajua hatatupa, wanarudi nyuma hatua mbili na kuziba njia za pasi. Nash na Stockton hawakuwa hivyo. Wote wawili walikuwa watupaji wazuri, na ndiyo maana ilibidi wafuatwe karibu.

Ulinzi. Unatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Stockton alipora mipira 3,265, nayo ni rekodi ya NBA. Nash ulinzi ulikuwa udhaifu wake unaojulikana, na timu zilimtafuta makusudi. Usidhani kwamba mwenye akili ya pasi lazima ana akili ya kukaba.

Anamfaa nani. Timu yenye senta anayejua kumalizia na mawinga wanaokimbia, yenye mazoezi ya kutosha, na yenye kocha anayetaka mpira utembee. Anafaa pia mashindano yasiyo na saa ya sekunde 24. Ikumbukwe tu kwamba si Nash wala Stockton aliyewahi kuchukua ubingwa wa NBA akiwa mchezaji. Jazz walifika fainali 1997 na 1998 na kufungwa zote mbili na Chicago Bulls. Sisemi hivyo kuwashusha. Nasema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mgawaji ndiye namba moja halisi na wengine ni wa kuazima, na historia haiwaungi mkono.

## Mfungaji

Anachokupa. Uhakika wa kupata kitu hata shambulizi likivurugika. Zimebaki sekunde tano, pasi zote zimezibwa, mbinu ya kocha imekufa. Mfungaji anadunda mara mbili na kupata mtupo, au anapigwa faulo. Kwa timu isiyo na vipaji vingi hilo ni jambo kubwa sana. Msimu wa 2016–17, baada ya Kevin Durant kuondoka Oklahoma City Thunder, Russell Westbrook alibeba timu kwa wastani wa pointi 31.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.7 na asisti 10.4 kwa mechi. Thunder wakashinda mechi 47, naye akawa mchezaji bora.

Faida nyingine ni woga anaoutia. Mfungaji akiingia ndani walinzi wawili au watatu humkimbilia, na hapo mtu mmoja lazima awe wazi. Hata ambaye si hodari wa pasi hupata asisti kwa njia hiyo, kwa sababu pasi yenyewe imekuwa rahisi.

Anachokudai. Kwanza, nafasi. Akiwa anaingia ndani, wenzake wanne lazima watanuke, na angalau wawili wawe wa kuogopwa wakiwa mbali. Ukimweka pamoja na wawili wasiojua kutupa, atakuta watu watano wamesimama mbele ya kikapu. Pili, uvumilivu kwa mipira inayopotea: msimu ule Westbrook alipoteza mpira zaidi ya mara tano kwa mechi. Tatu, wenzake wanaoridhika. Mchezaji aliyekimbia mara kumi bila kuuona mpira huacha kukimbia, na mara nyingi huacha na kukaba. Nimeona timu zikipoteza winga mzuri namna hiyo, na takwimu za mfungaji zikawa zinazidi kupanda huku timu ikifungwa.

Ukiwa na mfungaji mwingine wa aina hiyohiyo, kaa nao wote wawili mapema. Fahari wawili zizi moja ni taabu, na kwenye kikapu taabu hiyo huonekana dakika tano za mwisho, kila mmoja akiusubiri mpira.

Ulinzi. Anaweza kuwa na miguu na mikono ya kukaba, ila nguvu zake zinakwisha upande wa pili. Mtu anayebeba mashambulizi yote hawezi pia kumkimbiza namba moja wa wapinzani kwa dakika 35. Hilo ni suala la pumzi, na kumlaumu hakusaidii. Mpangie mtu mwepesi wa kumkaba.

Anamfaa nani. Timu yenye upungufu wa wanaojitafutia pointi, timu isiyo na muda mrefu wa mazoezi, timu changa inayohitaji kushindana wakati wengine wanajifunza. Jua pia mipaka yake. Thunder ya Westbrook ilitolewa na Houston raundi ya kwanza, mechi 4–1. Kwenye mfululizo wa mechi na timu ileile, mtu mmoja hupangiwa mtego, na mtego huo hufungwa vizuri zaidi kila siku.

## Mdunguaji

Anachokupa. Kiwanja kipana. Mdunguaji ni namba moja ambaye silaha yake ya kwanza ni mtupo wa mbali, na anaumiza akiwa na mpira na asipokuwa nao. Stephen Curry alifunga mitupo ya pointi tatu 402 katika msimu wa 2015–16, na Golden State Warriors wakashinda mechi 73. Walioangalia namba hizo tu wakaondoka na somo kwamba vijana watupe kutoka mbali. Kuna namba nyingine ya msimu uleule inayofundisha zaidi: kwenye timu ile aliyeongoza kwa asisti alikuwa Draymond Green, mchezaji wa mbele, kwa wastani wa 7.4, na Curry akafuatia kwa 6.7. Curry alipandisha mpira, akauachia, akakimbia kuzunguka skrini (mwenzake anayesimama kuziba njia ya mlinzi), na hofu ya mtupo wake ikawavuta walinzi wawili. Green akapokea mpira mbele yake kukiwa na wenzake watatu dhidi ya walinzi wachache.

Faida ya mdunguaji, kwa hiyo, kubwa yake inapatikana pale anapokubali kuuachia mpira. Anayetupa vizuri lakini anataka kudunda sekunde 15 kila shambulizi ni mfungaji tu mwenye mkono mzuri.

Anachokudai. Mwenzake mmoja mwenye akili ya pasi, hasa kati ya warefu. Anadai watu wanaojua kusimamisha skrini vizuri, na hili hufundishwa kidogo mno kwenye timu zetu. Wengi husimama nusu sekunde na kukimbia. Anadai mipira mizuri na ringi iliyonyooka mazoezini, maana mtupo hujengwa kwa kurudiarudia. Na anadai uso mgumu wa kocha. Mtupo wa mbali una siku zake mbaya, na ukimtoa baada ya kukosa mara mbili unaua kile kilichokufanya umchague.

Suala la kiwanja linarudi hapa. Ukicheza nje, kwenye upepo, usijenge shambulizi zima juu ya mtupo wa mita 6.75, umbali wa pointi tatu. Mdunguaji bado ana kazi, kwa kuwa anavuta walinzi, lakini awe na njia ya pili: mtupo wa karibu zaidi baada ya kudunda mara moja, au pasi kwa anayekata.

Ulinzi. Mara nyingi ni wepesi wa mwili na hushambuliwa na wenye nguvu. Curry mwenyewe alitafutwa hivyo kwa miaka. Anayejua kujipanga, kuzungumza na wenzake na kutokata tamaa anaweza kufichwa vizuri, hasa ukicheza zoni, yaani kila mlinzi akilinda eneo lake.

Anamfaa nani. Timu yenye mrefu anayegawa mpira, timu inayocheza ndani, timu ambayo senta wake anabanwa na watu wawili kila mechi na inataka kumfungulia nafasi. Akiwa hana mwenzake wa kuupandisha mpira dhidi ya presi, atachoka kabla hajatupa.

## Mkabaji

Anachokupa. Amani ya kocha. Anaupandisha mpira bila kuupoteza, anauweka mkononi mwa anayestahili, kisha anakwenda kona. Akirudi nyuma anamkaba mshambuliaji hatari zaidi. Derek Fisher alichukua ubingwa mara tano na Los Angeles Lakers, mwaka 2000, 2001, 2002, 2009 na 2010, akiwa namba moja ambaye si yeye aliyeongoza mchezo. Mfumo wa pembetatu wa kocha Phil Jackson uliupeleka mpira kwa Kobe Bryant na Shaquille O'Neal, baadaye kwa Bryant na Pau Gasol. Kazi ya Fisher ilikuwa kukaba, kusimama mahali pake na kutupa alipoachwa. Kwenye mechi ya nne ya fainali ya 2009 dhidi ya Orlando, mtupo wake wa pointi tatu ulisawazisha mwishoni mwa muda wa kawaida, na mwingine ukaamua muda wa nyongeza.

Wa kizazi hiki ni Jrue Holiday. Mechi ya tano ya fainali ya 2021, Milwaukee Bucks wakiongoza kwa pointi moja sekunde za mwisho, Devin Booker wa Phoenix aliingia ndani na Holiday akaunyakua mpira mikononi mwake, kisha akamrushia Giannis Antetokounmpo aliyeumalizia juu ya ringi. Bucks wakawa mabingwa mechi iliyofuata. Mwaka 2024 akachukua tena, akiwa na Boston.

Anachokudai. Wafungaji wengine, wawili kwa uchache, na mmoja wao aweze kuanzisha shambulizi. Kutoka kwake mwenyewe dai kitu kimoja: mtupo wa kona. Mkabaji asiyetupa kabisa humfanya mlinzi wake awe wa kuzurura, na nilichosema kuhusu kushambulia kwa watu wanne kinatimia. Habari njema ni kwamba mtupo wa kusimama ndio rahisi kufundisha kuliko ujuzi wote wa namba moja. Kumfundisha mtu kuiona pasi kunaweza kuchukua miaka. Mtupo kutoka sehemu mbili za kiwanja unaweza kuboreka ndani ya msimu mmoja akijituma.

Ulinzi. Ndiyo sababu yupo. Angalia tu faulo: kwa sheria za FIBA ya tano inamtoa, kwa hiyo mkabaji mwenye papara atakuwa benchi robo ya nne, wakati unapomhitaji.

Anamfaa nani. Timu ambayo nyota wake ni winga au mrefu anayependa kuanza na mpira. Pia timu inayofungwa pointi nyingi bila kujua kwa nini. Hafai timu ambayo kila mtu anasubiri kupewa, maana hapo kila mtu atasubiri.

## Na yule mrefu?

Sitamrefusha sana, kwa sababu wengi wetu hatuna wa kumchagua. Magic Johnson wa Los Angeles Lakers alikuwa na sentimita 206 na alicheza namba moja. Mechi ya sita ya fainali ya 1980, senta wao Kareem Abdul-Jabbar akiwa ameumia, Magic, kijana wa miaka 20, alianza kama senta na kumaliza na pointi 42. Anachokupa ni kuona juu ya presi na kumnyanyasa mfupi anayemkaba. Anachokudai ni mfumo uliojengwa kumzunguka, na watupaji. Ulinzi wake dhidi ya wafupi wenye kasi ni taabu: Boston walimwandama Luka Doncic wa Dallas kwenye fainali za 2024 hadi akatolewa kwa faulo mechi ya tatu. Anamfaa kocha aliyempata mapema. Na hapa nina ombi kwa makocha wa watoto: ukimwona mrefu wa miaka 13 anapenda kudunda, mwache adunde. Kumfungia chini ya kikapu kwa sababu ya kimo, kama kumpa mfupi namba moja kwa sababu ya kimo, kunatupotezea wachezaji ambao hatutawajua kamwe.

## Si lazima awe mmoja

Allen Iverson aliingia NBA kama namba moja. Kocha Larry Brown wa Philadelphia 76ers akaamua kumhamishia namba mbili, yaani gadi wa pili, na kumpa Eric Snow kazi ya kupandisha mpira. Snow alikuwa na kimo na nguvu, akawakaba magadi wakubwa. Iverson, mwenye sentimita 183, akakaba wadogo na akapumua upande wa pili. Msimu wa 2000–01 Iverson alifunga wastani wa pointi 31.1, akawa mchezaji bora, na 76ers wakafika fainali. Mfungaji hakupunguziwa chochote. Alipunguziwa mzigo.

Toronto Raptors ya 2019, iliyojengwa na Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, ilikuwa na Kyle Lowry: mgawaji kwa kawaida, mkabaji wakati Kawhi Leonard ana mpira, na kwenye mechi ya mwisho ya fainali akageuka mfungaji, akatia pointi 11 za kwanza za timu yake. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mlinde.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio hili. Weka mechi fupi za mazoezi, dakika kumi kila moja, wenzake wanne wakibaki walewale na wapinzani walewale, huku ukibadilisha namba moja tu. Mtu mmoja benchi aandike mambo matatu: mara ngapi mpira ulipotea kabla ya kuvuka katikati, mitupo mingapi ya timu nzima ilikuwa ya wazi, na pointi ngapi zimefungwa na wapinzani. Pointi za namba moja mwenyewe zisiandikwe, kwa sababu zikiandikwa ndizo kila mtu atakazozitazama. Rudia siku nyingine, kisha linganisha.

## Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Una senta mzuri na mawinga wanaokimbia, na mnafanya mazoezi mara nyingi. Anza na mgawaji. Hakikisha anatupa akiachwa.

Hakuna anayejitafutia pointi kwenye timu. Mfungaji, huku ukimzungushia watupaji wawili na kumwondolea kazi ya kumkaba mtu hatari.

Nyota wako ni winga au mrefu anayejua kuanzisha shambulizi. Mkabaji mwenye mtupo wa kona, au mdunguaji kama ulinzi wenu tayari ni imara.

Senta wako anabanwa na wawili kila mechi. Mdunguaji, mradi mchezo ni wa ndani au upepo si mkali.

Mnapoteza mipira kwenye presi. Weka wawili wanaojua kudunda kwa pamoja, mmoja wao mkabaji au mgawaji, na mfundishe mrefu mmoja aje katikati ya kiwanja kupokea. Presi nyingi huvunjwa kwa pasi ya katikati kuliko kwa kudunda pembeni.

Timu ya watoto chini ya miaka 14. Usichague. Wapokezane namba moja, warefu kwa wafupi, kila mmoja apandishe mpira mechi kwa mechi, hata kama mtafungwa baadhi ya hizo mechi.

Una wawili wanaokaribiana na umeshindwa kabisa kuamua. Mpe kazi ya kuanza yule anayewafanya wa benchi waingie na kucheza vizuri, na mweke mwingine aongoze kikosi cha pili. Mwezi mmoja baadaye chukua ile karatasi ya majina manne uiandike upya, maana wale wanne nao watakuwa wamebadilika.